Korali ya Walinzi Ndani ya Mashine: Uchambuzi wa «Wachet auf» ya Wendy Carlos, 1968

Mwishoni mwa mwaka 1968 kampuni ya Columbia Records ya Marekani ilitoa santuri iliyoitwa Switched-On Bach, ambayo muziki wake wote ulitungwa na Johann Sebastian Bach na kupigwa kwa sintesaiza ya Moog, chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme. Wengi wanaoizungumzia santuri hiyo huitaja kwa mafanikio yake ya sokoni, au kwa ile kazi kubwa ya Brandenburg namba 3 inayoifunga. Uchambuzi huu unashughulika na kipande kifupi kinachoitangulia Brandenburg, yaani utangulizi wa korali uitwao «Wachet auf, ruft uns die Stimme» («Amkeni, sauti inatuita»). Huo ni wimbo wa kanisa wa Kilutheri uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1599, na kwa hiyo ulikuwa na umri wa miaka 369 siku ulipopitishwa kwenye nyaya za mashine isiyoweza kutoa zaidi ya sauti moja kwa wakati mmoja.

Hoja ninayoitetea ni kwamba korali hii ilivuka salama, na ilivuka kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza, udhaifu mkubwa wa mashine ile uliangukia mahali ambapo muundo wa wimbo haukuudhika nao. Pili, aliyeupanga alikataa kuufunika mstari wa korali kwa vitu ambavyo mashine ilikuwa tayari kumpa bure. Kilichopotea kilipotea kwa sababu nyingine, nayo haihusiani sana na umeme.

Ni lazima kuanza na wimbo wenyewe, kwa kuwa mpangilio wowote hupimwa kwa kile ulichopewa. Philipp Nicolai alikuwa mchungaji katika mji wa Unna, Westfalia, tauni ilipoupiga mji huo mwaka 1597 na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Watu zaidi ya 1,300 walikufa, na mchungaji alizika mfululizo. Katika hali hiyo aliandika kitabu cha tafakuri juu ya furaha ya uzima wa milele, na mwishoni mwake akaweka nyimbo, mbili kati ya hizo zikiwa miongoni mwa korali zinazopendwa kuliko zote katika Ulutheri. «Wachet auf» imesimama juu ya mfano wa wanawali kumi katika Mathayo 25: usiku wa manane walinzi wanapaza sauti kutoka juu ya ukuta, mji unaamshwa, bwana arusi yuko njiani. Beti zake ni tatu, na herufi zinazozianza, zikisomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, zinatoa G, Z na W, vifupisho vya «Graf zu Waldeck», yaani mtawala wa Waldeck, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Nicolai na aliyefariki mwaka 1598. Ni wimbo wa maombolezo uliovikwa nguo ya arusi.

Mlio wake unaanza kwa namna ambayo mwalimu wa kwaya yeyote aliyezoea nota za solfa ataishika mara moja: do, mi, so, so, so, so, la, so. Ni ngazi tatu za kupanda, kisha kusimama juu na kuita, jambo linalofanana kabisa na kazi ya mlinzi. Sehemu ya kwanza ya muziki hurudiwa kwa maneno mapya, halafu huja sehemu ya pili ambayo ni tofauti. Mizani za mishororo hazilingani: 8, 9 na 8 katika sehemu ya kwanza, kisha mishororo mifupi ya 6, 6 na 4 kabla ya kurefuka tena. Ulemavu huu wa makusudi ni muhimu sana kwa kisa chetu, kwa sababu wimbo usiolingana mizani hauwezi kutandikwa juu ya mdundo wa mapigo manne yasiyobadilika bila kuvunjwa mahali fulani.

Bach aliuchukua wimbo huo kwa kantata, yaani kazi ya waimbaji na vyombo yenye sehemu kadhaa, iliyopigwa Leipzig tarehe 25 Novemba 1731, Jumapili ya 27 baada ya Utatu. Jumapili hiyo ni adimu. Hutokea tu pale Pasaka inapoangukia mapema sana, na ndiyo maana muziki wake ulikuwa na nafasi chache mno za kusikika kanisani. Sehemu ya nne ya kantata ndiyo inayotuhusu. Tenori wanaimba ubeti wa pili, ule unaosema kwamba Sayuni anawasikia walinzi wakiimba na moyo wake unaruka kwa furaha, na wakati huohuo violini na viola, zote zikipiga mstari mmoja, zinacheza mlio mwingine kabisa, huku besi ikitembea chini yao. Kwa muda wa vipimo 12 vyombo vinacheza peke yake. Mlio huo wa violini umekamilika kiasi kwamba msikilizaji asiyejua huamini kuwa ndio wimbo wenyewe. Ndipo katika kipimo cha 13 tenori huingia na korali, kana kwamba mtu amepita katikati ya ngoma ya wengine akiwa na safari yake. Mistari hiyo miwili haisubiriani. Mmoja unamaliza sentensi mwingine ukiwa katikati, na mara kwa mara inagongana kwa ukali mdogo kabla ya kupatana.

Takribani mwaka 1748 Bach mwenyewe alikihamishia kipande hiki kwenye kinanda cha mabomba, nacho kikawa cha kwanza kati ya korali sita zilizochapishwa na Johann Georg Schübler. Mlio wa violini ukapewa mkono wa kulia, korali ikapewa mkono wa kushoto, besi ikapewa miguu. Waimbaji wakaondoka, na maneno yakaondoka pamoja nao. Mtu anayelalamika kwamba Carlos aliuvua wimbo wa kanisa maneno yake anapaswa kuanza malalamiko yake kwa Bach, aliyefanya jambo hilo miaka 220 kabla.

Toleo hilo la kinanda ndilo alilolipanga upya Wendy Carlos, ambaye jalada la mwaka 1968 lilimtaja kwa jina la Walter Carlos, jina alilokuwa akilitumia hadharani wakati huo. Alizaliwa mwaka 1939 huko Pawtucket, Rhode Island, akasoma fizikia na muziki, kisha akasoma utunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chini ya Vladimir Ussachevsky, mmoja wa waanzilishi wa muziki wa elektroniki nchini Marekani. Mazingira ya chuo yaliheshimu milio ya ajabu na kuutilia shaka wimbo wenye mlio unaoweza kukumbukwa. Nje ya chuo hali haikuwa nzuri zaidi, kwa sababu umma ulizoea kuisikia sauti ya elektroniki kwenye filamu za viumbe kutoka sayari nyingine. Carlos alitaka kuonyesha kwamba chombo hiki kinaweza kupiga muziki ambao watu wa kawaida wataukubali kuwa muziki, na Bach alifaa kwa sababu hakuna ambaye angebishana kuhusu ubora wa nota zenyewe. Kilichobaki kupimwa ni chombo na mpigaji wake.

Sintesaiza ya Robert Moog ilikuwa kabati la moduli zilizounganishwa kwa nyaya. Osileta ilitoa mtetemo wa umeme, kichujio kilipunguza au kuacha sehemu fulani za mtetemo huo ili kuunda rangi ya sauti, na moduli nyingine ilipanga jinsi sauti inavyoanza, inavyokaa na inavyozimika. Kila kitu kiliendeshwa kwa volti: ukiongeza volti moja, sauti hupanda okteva moja. Ubora wa wazo hili ulikuwa kwamba moduli yoyote ingeweza kuitawala nyingine. Ubaya wake ulikuwa kwamba transista hubadilika kwa joto, kwa hiyo osileta ilihama polepole kutoka kwenye sauti yake wakati mtu akiendelea kupiga. Carlos alilazimika kupiga kifungu kifupi, kukagua kama sauti bado iko mahali pake, kuirekebisha, kisha kuendelea. Na kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kile nilichokwisha kukitaja: ukibonyeza vitufe vitatu, mashine ilikupa sauti moja tu.

Kwa sababu hiyo muziki wote ulijengwa kwenye tepu, mstari baada ya mstari, kwa rekoda ya mikondo minane ambayo Carlos aliiunda mwenyewe kutokana na vipuri vya Ampex. Rachel Elkind alikuwa mtayarishaji, na Benjamin Folkman alishauri upande wa muziki. Santuri nzima ilichukua karibu miezi mitano na takribani saa 1,000 za kazi. Kasi ya namna hiyo inaeleza kwa nini waliojaribu kuiga baadaye kwa haraka walishindwa, na nitalirudia jambo hilo.

Sasa tuweke mashine na wimbo kando kwa kando. Brandenburg namba 3 imeandikwa kwa violini tatu, viola tatu, cello tatu na besi, na kuijenga kwa sauti mojamoja ni kazi ya kuvunja mgongo. «Wachet auf» ina mistari mitatu tu, na hakuna mstari kati ya hiyo unaohitaji kupiga nota mbili kwa pamoja ili ueleweke. Kila mstari unasimama peke yake kama sentensi kamili, na maelewano ya sauti hutokea pale mistari inapokutana. Mashine inayotoa sauti moja kwa wakati inamlazimisha mpigaji kufikiri hivyohivyo, kwa sababu haimpi nafasi ya kujaza pengo kwa kodi, yaani nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kizuizi kilichokuwa laana kwa muziki wa aina nyingine kilikuwa hapa sawa na mafundisho ya mtunzi mwenyewe. Sijui kipande kingine katika santuri hiyo, ukiacha zile invensheni, vipande vifupi vya sauti mbili, ambamo chombo na muundo vinakubaliana kwa kiwango hiki.

Hata hivyo kujenga kwa mistari kulileta ugumu ambao mpiga kinanda wa kanisani haujui. Kwaya inapoimba, kila sauti huisikia nyingine na kuifuata. Besi wakichelewa kidogo, soprano hungoja bila kuambiwa. Kwenye tepu mstari wa kwanza kurekodiwa haumsikii mtu. Ukishakaa pale, umeamua kasi, umeamua mahali pa kupumua, umeamua jinsi mwisho utakavyopunguza mwendo, na mistari inayofuata ni lazima itii maamuzi yaliyofanywa kabla haijakuwepo. Mpigaji anayeanza bila kuwa na muziki wote kichwani atagundua kosa lake kwenye mstari wa tatu, wakati ambapo kulirekebisha kunamaanisha kufuta miwili iliyotangulia. Ukisikiliza rekodi hii kwa makini utaona kwamba mwendo wake ni thabiti bila kuwa wa mashine, na kwamba mkono wa kulia unavuta na kuachia kidogo bila besi kuonekana kushangazwa. Hilo halikufanywa na sintesaiza. Lilifanywa na mwanamuziki aliyejua mahali kila nota itakapoangukia kabla ya kubonyeza kitufe cha kwanza.

Ugumu wa pili ulikuwa rangi ya sauti. Mpiga kinanda cha mabomba anapoandaa kipande hiki huchagua vizibo, yaani vishikio vinavyofungulia safu za mabomba: kimoja chenye sauti laini kwa mkono wa kulia, kingine chenye ukali wa tarumbeta kwa korali, na kingine kizito kwa miguu. Machaguo ni mengi, lakini yana mwisho, kwa kuwa mabomba yalishatengenezwa na fundi. Kwenye kabati la Moog hakukuwa na sauti iliyokuwa tayari; kila rangi ilitungwa kwa nyaya na vifundo, na haikuwezekana kuihifadhi isipokuwa kwa kuandika kwenye karatasi jinsi ilivyopangwa. Uhuru wa namna hii ni hatari kwa wimbo wa kanisa. Mtu anaweza kubadilisha rangi kila baada ya kifungu kwa sababu tu inawezekana, na msikilizaji akaishia kufuata michezo ya sauti huku korali ikimpita. Carlos hakufanya hivyo. Mistari mitatu ilipewa sura tatu zinazotofautishwa kwa urahisi, na korali ikapewa sauti yenye uzito wa kutosha kuvuka katikati ya mlio wa violini bila kupiga kelele.

Kuna jambo la tatu, dogo kwa macho lakini pengine ndilo lililoamua kila kitu, nalo ni jinsi nota inavyoanza na inavyokwisha. Mistari ya Bach husikika kwa uwazi kwa sababu ya mipaka kati ya nota kuliko kwa sababu ya ukubwa wa sauti. Bomba la kinanda linapoanza kutoa sauti hutoa mchomo mdogo wa upepo unaolitenga na nota iliyotangulia, na mpigaji mzuri huinua kidole kabla ya wakati ili kuacha mwanya. Sintesaiza haikuwa na mchomo huo kwa asili; mwanzo wa kila nota ulipaswa kuundwa. Kwa ombi la Carlos, Moog alimtengenezea vitufe vinavyohisi mguso, ili nguvu ya kidole iathiri sauti, jambo ambalo hata kinanda cha mabomba hakilijui. Matokeo yake katika «Wachet auf» ni mwanya safi mwishoni mwa kila mshororo wa korali. Msikilizaji aliyezoea kuimba hupumua pale bila kujua kwa nini amepumua.

Hapo ndipo kipimo ninachokitumia kinapopata maana. Mpangilio wa wimbo wa kanisa, uwe wa umeme au wa ngozi na mti, naupima kwa swali moja: msharika anayeujua wimbo anaweza kusimama na kuuimba pamoja na mpangilio huo, tangu nota ya kwanza ya korali hadi ya mwisho, bila kusukumwa wala kuachwa njiani? «Wachet auf» ya mwaka 1968 inajibu ndiyo. Urefu wa mishororo umeachwa jinsi ulivyo, wa mizani nane na ule wa tisa, na mishororo mifupi ya sehemu ya pili haikurefushwa ili kuujaza mdundo. Mlio wa violini unaendelea na shughuli zake kati ya mshororo na mshororo, na muda wa kungoja si sawa kila mara, kwa hiyo mwimbaji anatakiwa kuhesabu kama tenori wa Leipzig walivyohesabu. Ngoma haipo. Katika mwaka ambao kila mtengenezaji wa santuri alijua kwamba ngoma huuza, huo ulikuwa uamuzi.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba nimekipa kisa hiki hukumu rahisi mno, kwa sababu wimbo wa kanisa si nota peke yake. Nakubaliana nao kwa sehemu. Mwaka 1731 waliokaa kwenye viti vya Leipzig walikuwa wamesikia Mathayo 25 ikisomwa siku ileile, na walikuwa na maneno ya Nicolai vinywani tangu utoto. Hata toleo la kinanda lisilo na maneno lilifika masikioni mwa watu walioweza kuyajaza wenyewe. Santuri ya mwaka 1968 ilifika kwenye sebule za Marekani ambamo wengi wa wasikilizaji hawakujua kwamba kuna ubeti unaosema Sayuni anaamka, wala kwamba nyuma yake kuna mji uliozika watu zaidi ya elfu moja. Kwao kilikuwa kipande kizuri cha Bach kinachopigwa na mashine ya ajabu. Lakini tuangalie chanzo cha upotevu huo kwa uaminifu. Rekodi ya kinanda bora kabisa cha mabomba, ikiuzwa kwa wasikilizaji walewale, ingekuwa na upungufu uleule. Kilichokosekana sebuleni ni usharika, na hakuna chombo kinachoweza kuutengeneza.

Upotevu mwingine naweza kuudai kwa mashine, nao ni chumba. Kanisa la mawe huishikilia sauti baada ya kidole kuondoka, na korali iliyoandikwa kwa nafasi kama hiyo hutegemea mwangwi ili nota ndefu ziungane. Sintesaiza huingia kwenye tepu moja kwa moja kupitia waya, bila ukuta wala paa. Mwangwi wowote huongezwa baadaye kwa mkono. «Wachet auf» ya Carlos ni kavu ukiilinganisha na kinanda chochote cha kanisa. Faida yake ni kwamba kila mstari unasikika hadi kwenye mzizi wake, na mahali ambapo korali na violini vinagongana, mgongano huo unasikika kama Bach alivyouandika badala ya kulainishwa na dari. Hasara yake ni kwamba walinzi wanaoita kutoka ukutani wanaonekana kuita wakiwa chumba cha pili.

Kampuni yenyewe haikuonekana kuwa na imani kubwa na heshima ya kazi hiyo. Jalada la kwanza lilimwonyesha mtu aliyevaa wigi na mavazi ya enzi ya Bach akiwa ameketi mbele ya sintesaiza na kufanya uso wa kichekesho, kana kwamba kinachomfikia masikioni ni upuuzi. Carlos na Elkind walilipinga, na miongoni mwa hoja zao ilikuwa kwamba vipokea sauti alivyovaa mtu huyo vilichomekwa kwenye tundu la kuingizia badala ya la kutolea, na moduli yenyewe haikuwa imeunganishwa na chochote. Baadaye picha ilibadilishwa. Kabla soko halijatoa hukumu, Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada ambaye hakuwa na desturi ya kusifu ovyo watu wanaomgusa Bach, alikuwa amekwisha kuisifu hadharani. Santuri ilifika nafasi ya 10 kwenye orodha ya jumla ya Billboard, ikaongoza orodha ya muziki wa klasiki kwa miaka mitatu, ikapata tuzo tatu za Grammy mwaka 1970, na mwaka 2005 ikaingizwa kwenye rejista ya kitaifa ya rekodi inayotunzwa na Maktaba ya Bunge la Marekani.

Mafanikio hayo yalileta msururu wa santuri nyingine zilizotumia mashine ileile kwa kila aina ya muziki uliokuwa ukiuzika. Nyingi zilisahaulika ndani ya miaka michache. Zina thamani kwa mchambuzi kwa sababu zinafanya kazi ya jaribio la kulinganisha: kabati lilikuwa lilelile, nyaya zilezile, tena mara nyingi studio zilikuwa na vifaa vizuri zaidi. Kilichobadilika ni saa zilizotumika na aina ya muziki uliochaguliwa. Wimbo wa mapenzi wenye mlio mmoja juu ya kodi nzito hauipi mashine ya sauti moja kazi inayoifaa, na mpigaji alijikuta akiziba mapengo kwa milio ya kuchekesha. Kama umeme peke yake ungetosha, santuri hizo zingedumu.

Kwa wasomaji wa Tanzania kuna uzi mmoja unaoiunganisha Leipzig na kwetu, nao ni wa kihistoria kabisa. Misheni ya Leipzig, iliyobeba jina la mji ambamo Bach aliongoza muziki wa makanisa, ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na pamoja nayo zikaja korali za Kijerumani. Zilihama chombo mara moja. Vinanda vya mabomba vilikuwa adimu, kwa hiyo korali zikaimbwa kwa sauti nne bila chombo, au zikapigwa na bendi za matarumbeta ambazo hadi leo ni sehemu ya ibada na mazishi katika sharika za Kilutheri. Hakuna aliyeona kwamba korali imeharibika kwa kupigwa na shaba nje, chini ya miti, kwa sababu mishororo ilibaki na urefu wake na washarika waliimba nayo. Wenye wasiwasi juu ya kinanda cha umeme kanisani wangeweza kuanzia hapo.

Wasiwasi wao hata hivyo una msingi, ila unaelekezwa mahali pasipo. Kinanda cha umeme kinachopatikana sasa katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki hutoa sauti kumi na zaidi kwa pamoja na kuja na midundo iliyopangwa tayari: mpigaji anabonyeza kodi kwa mkono wa kushoto, na mashine inaongeza ngoma, besi na gitaa. Kwa pambio lenye mapigo ya kudumu, mpango huo hauna ubaya. Ukiuweka chini ya korali yenye mizani 8, 9 na 8, mdundo unaendelea kuhesabu nne wakati mshororo umekwisha kwenye tatu, na hapo ama mpigaji anaongeza pigo lisilokuwepo, ama usharika unaingia kabla ya wakati na mwalimu wa kwaya anaanza kupunga mikono. Carlos alikuwa na chombo duni mara nyingi kuliko hicho, na uduni huo ulimwondolea kishawishi. Mpigaji wa leo anakutana na kishawishi kila anapowasha swichi, na njia ya kukikwepa ni kuzima mdundo na kuupa mstari wa korali sauti moja inayosikika kabla ya kuongeza kitu kingine chochote.

Mwaka 1992 Carlos aliirekodi upya kazi yake kwa vyombo vya kidijitali na kuiita Switched-On Bach 2000. Osileta zinazohama zilikuwa zimekwisha kuwa historia, na kompyuta ilimruhusu kutumia mipangilio ya sauti iliyo karibu zaidi na ile ya enzi ya Bach badala ya ule mgawanyo sawa wa nota 12 uliozoeleka kwenye piano. Kwa Brandenburg naona toleo hilo lina faida za kweli, kwa kuwa mistari kumi inapumua vizuri pale ambapo awali ilibanana. Kwa «Wachet auf» nalichagua lile la mwaka 1968. Sauti za mwaka 1992 ni nzuri zaidi kila moja ikisikilizwa peke yake, na mgongano kati ya korali na mlio wa violini umetulizwa na mpangilio mpya wa sauti; lakini Bach aliuandika mgongano huo, na mlinzi anayemwamsha mtu usiku wa manane hana sababu ya kuwa mpole.